Maisha Bila Mipaka, Tukikisoma Nsambya

Kitabu kinaitwa A Life Without Limits, kilitoka 2012, na mwenyewe ni Chrissie Wellington, Mwingereza. Mimi nakisoma kwa Kiingereza na kukitolea Kiswahili papo hapo, Jumamosi mchana, mbele ya vijana kumi na kitu wa kikundi chetu cha kukimbia. Wengi ni wa Kivu, wawili Warundi, mmoja wa Sudan Kusini mwenye Kiswahili cha Kakuma. Tulikwama kwenye jalada. Hiyo limits tuiiteje? Mmoja akasema kikomo: maisha yasiyo na kikomo. Hapo watu wa kwaya wakacheka, maana maisha yasiyo na kikomo ni uzima wa milele, si mambo ya baiskeli. Basi tukasema mipaka. Maisha bila mipaka. Pakawa kimya kidogo, halafu msichana mmoja wa Fizi akauliza, "Kaka, kwani huyu dada alivukia wapi?"

Tangu siku hiyo tumekisoma kitabu chote kwa swali hilo, na nadhani kimesomeka vizuri zaidi kuliko kingesomeka bila hilo.

Kwa asiyejua, triatloni ni michezo mitatu kwa mpigo: kuogelea, baiskeli, mbio, bila kupumzika katikati, na saa inahesabu hata ukiwa unafunga kamba za viatu. Ile ndefu wanaiita Ironman. Ni kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli, halafu marathoni nzima ya kilomita 42.2. Niliwapigia vijana hesabu ya kwetu: uogelee kwanza, kisha uende Jinja kwa baiskeli urudi Kampala na bado unadaiwa kama kilomita ishirini, kisha uache baiskeli ukimbie mpaka Entebbe na kusogea kidogo. Mambo haya yalianzia Hawaii mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46.

Wellington hakuanzia huko. Alianza na viatu na barabara kama sisi. Mwaka 2002 alikimbia marathoni ya London kwa saa 3 na dakika 8, akiwa mfanyakazi wa kawaida katika wizara ya mazingira na chakula ya Uingereza. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2007, alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman kule Kona, Hawaii, na watangazaji walikuwa hawamjui ni nani. Kitabu kinataka tuone alitokaje pale akafika hapa.

Wasomaji wetu wa mashirika, kuna sura zenu. Kabla ya kuwa bingwa, Wellington alikuwa mtu wa maendeleo, amesomea hayo hayo Manchester. Alikwenda kwenye mkutano mkubwa wa Johannesburg 2002, akarudi mezani, akachoka na karatasi. Mwaka 2004 akaenda Nepal kufanya kazi na shirika la hukohuko, Rural Reconstruction Nepal, wakati nchi ile ilikuwa vitani, serikali na waasi wa Kimao. Na hapo Kathmandu, alfajiri kabla ya ofisi, ndipo baiskeli ilipomwingia damuni, kwenye milima ambayo pumzi ni haba. Mfanyakazi wa shirika anayefanya mazoezi alfajiri! Tunawaona Muyenga kila siku na saa zao za mkononi zinazong'aa, nasi tunapishana nao tukiteremka kwenda kutafuta maisha.

Sura hizi ni nzuri kwa sababu hajisifu sana. Anapenda watu na anasema hivyo. Lakini mimi nilitaka kukaa Nepal zaidi. Vita ipo kwa nyuma kama mvua inayonyesha mtaa wa pili, na yeye anaendesha baiskeli. Likizoni alitoka Lhasa mpaka Kathmandu, juu ya milima mikubwa kuliko yote duniani, na mpaka wa Tibet na Nepal ukawa sehemu ya safari tu, kama ulivyo mteremko au chai ya njiani. Niliposoma hapo, kijana mmoja akasema, "Sisi Bunagana tulipita na godoro." Hakusema kwa uchungu. Ni kama mtu anayelinganisha barabara.

Sasa nije kwenye jambo langu. Jina la kitabu linasema hakuna mipaka. Maneno ya namna hiyo tunayajua, yameandikwa kwenye fulana za semina zetu zote. Lakini ukikisoma kwa makini, kitabu chenyewe kinapinga jalada lake. Kinachomtoa mtu kwenye mbio kumpeleka kwenye triatloni hakiko kwenye moyo peke yake. Moyo wa kukimbia anao mwuza maji wa Katwe. Wellington alikuwa na maji: aliogelea katika klabu tangu mtoto, na baadaye katika timu ya chuo kikuu. Alikuwa na baiskeli, halafu baiskeli nzuri zaidi, na marafiki wa kumfundisha kuitumia. Alikuwa na kazi ya kuomba likizo, na nyumba ya wazazi ya kurudia. Na alikuwa na pasi ya kusafiria inayofungua karibu kila mlango. Septemba 2006 alishinda ubingwa wa dunia wa ridhaa pale Lausanne, Uswisi. Mwanzoni mwa 2007 akawa mchezaji wa kulipwa. Agosti alikuwa Korea, akashinda Ironman yake ya kwanza. Oktoba alikuwa Hawaii. Nchi tatu ndani ya mwaka mmoja na kidogo, na hakuna ukurasa hata mmoja wa kupanga foleni ya hati.

Simlaumu. Mtu hachagui pasi yake kama sisi tusivyochagua kadi yetu. Nasema tu kwamba vitu hivi vyote vimo kitabuni, ameviandika mwenyewe, kisha jalada likavifunika.

Na ukurasa bora kuliko wote unathibitisha hivyo. Ni Kona tena, 2008. Yuko kwenye baiskeli, anapata pancha. Vichupa vyake vya gesi vya kujazia upepo vinaisha bure. Bingwa wa dunia amesimama kando ya barabara na tairi tupu, wenzake wanampita mmoja mmoja, dakika zinakwenda. Anayemwokoa ni mshindani wake, Rebekah Keat wa Australia, anayepita na kumtupia kichupa chake. Wellington anajaza, anapanda, anawafikia wote, anashinda. Nimeusoma ukurasa huo kwa sauti mara tatu, kwa maombi ya wasikilizaji. Hapo hakuna falsafa. Kuna mtu mwenye mapafu ya chuma na nia ya ajabu ambaye haendi popote mpaka mwingine atoe alicho nacho.

Ukitaka kuona mipaka ya kweli ya michezo, tazama timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016. Walikuwa kumi. Watano walikuwa Wasudan Kusini kutoka Kakuma, wakafundishwa Ngong na Tegla Loroupe, na wote watano walikuwa wakimbiaji. Wakongomani wenzetu wawili, Popole Misenga na Yolande Mabika, walikuwa wa judo, waliyoijua kabla ya kuomba hifadhi Brazil. Waogeleaji wawili walikuwa Wasyria, na Yusra Mardini alifundishwa kuogelea Damascus tangu mdogo, baba yake akiwa kocha. Wa kumi, Yonas Kinde wa Ethiopia, alikimbia marathoni. Mnaona? Kambi za kwetu zilitoa miguu. Waliokwenda na maji walitoka nayo nyumbani.

Anayekaribia zaidi hadithi ya Wellington kwa upande wetu, mimi naona, ni Ibrahim Al Hussein. Huyu pia alifundishwa na baba kuogelea, katika mto Frati pale Deir ez-Zor. Mwaka 2012 alikimbilia kumsaidia rafiki aliyepigwa risasi, akapoteza sehemu ya mguu. Akafika Ugiriki, akarudi majini, akaogelea kwenye Paralimpiki ya Rio, na Paris 2024 alishiriki triatloni ya walemavu: mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli, 5 za mbio. Yeye alitoka majini kwenda barabarani, kinyume cha wengi. Kitabu chake kikiandikwa nitakipanga foleni.

Kwenye kikundi chetu vitu vitatu vya triatloni vipo, ila viko mbalimbali. Vijana wa Baraka na Uvira wanaogelea vizuri sana, Ziwa Tanganyika liliwalea. Hapa Kampala ziwa lipo Ggaba, lakini kuna kichocho, na bwawa safi liko hotelini ambako kiingilio cha siku moja kinakula pesa ya chakula ya nyumba nzima. Baiskeli nayo si ngeni. Kuna mmoja wetu anayebeba matoke kwa baiskeli kutoka sokoni, mikungu imefungwa pande zote mpaka yeye mwenyewe haonekani. Nilipomwambia kuna watu wanaoendesha kilomita 180 bila mzigo, na wanalipa ili waruhusiwe, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza baiskeli zao zina uzito gani. Hilo swali la pili ndilo la mwanamichezo, na sina pa kumpeleka nalo.

Kuna sura nilizoogopa kuzisoma mbele yao. Wellington anaeleza wazi kwamba akiwa kijana alikuwa na ugonjwa wa chakula: kujinyima, na kula kisha kujitapisha. Sisi wa mjini hatupati mgao wa chakula kama walio Nakivale au Kyangwali, na nilidhani watasema ni ugonjwa wa wenye friji. Hawakusema. Msichana mmoja, mkimya sana, alisema anajua kuhesabu matonge, aliwahi kuhesabu hata wakati chakula kilikuwepo, kwa sababu ndicho kitu pekee alichoweza kuamua mwenyewe. Tulikaa hapo saa nzima, hatukuendelea na kitabu. Hizo kurasa ndizo za kweli kabisa, na naona mwandishi alizilipia. Wanaofundisha wasichana mbio wazisome kabla ya kuwapima uzito mbele ya wenzao, kama nilivyoona ikifanyika kwenye kambi moja ya mazoezi.

Nina sababu ya kuandika haya sasa. Shirika moja lililotupa nakala ya kitabu lilitaka, baada ya kusoma, kila kijana aandike ukurasa mmoja: safari yangu isiyo na mipaka. Na picha. Zingewekwa kwenye ripoti ya mwaka. Vijana waliandika, ila waliandika walivyokisoma. Mmoja alitaja mama wa Kiganda aliyewaachia chumba miezi minne bila kodi. Mwingine, mvulana wa Uvira anayekimbia kilomita kumi vizuri kuliko sisi sote, aliandika kwamba alialikwa mbio nchi jirani na hakwenda kwa sababu hati ya kusafiria haikutoka kwa wakati. Sentensi mbili tu, bila kulalamika. Tuliombwa tuzitoe hizo sentensi mbili kwa sababu "zinashusha moyo". Tulikataa, na ukurasa wake haukuchapwa. Mwenyewe aliniambia hana neno. Mimi ninalo. Aliyemtaja Rebekah Keat katika kitabu cha ushindi wake hakuona kwamba kutaja pancha kunashusha moyo. Hadithi ya mtu binafsi anayeshinda kwa nia yake tu ni tamu kwa mfadhili kwa sababu haimdai mtu yeyote chochote. Hadithi yenye pancha inauliza nani ana kichupa.

Kwa upande wa uandishi, nusu ya pili ya kitabu inachosha. Aliandika na mwandishi wa habari, Michael Aylwin, na mara nyingine unasikia ni mtu wa magazeti anayetaka kukufikisha kwenye utepe haraka. Ironman baada ya Ironman: aliamka, aliogelea, upepo ulivuma, alishinda. Kweli alishinda zote 13 alizoanza, na dada huyu hastahili kupunjwa. Ila msomaji anachoka kushinda. Mwaka 2010 pale Kona aliamka mgonjwa, hakuanza kabisa, na hapo ndipo kitabu kinapata uhai tena kwa kurasa chache. Roth ya Ujerumani, 2011, nayo isomwe: saa 8, dakika 18, sekunde 13, muda ambao hakuna mwanamke aliyeugusa mpaka Daniela Ryf mwaka 2023, hapohapo Roth. Vijana waliniomba niandike namba hizo ubaoni, bado zipo.

Ushauri wangu kwa atakayekisoma: anza na Nepal, kisha rudi kwenye utoto, kisha pancha. Mbio za katikati ruka mbili tatu, hutapotea. Nakala yetu ni moja, imetoka gundi mgongoni, na kwa sasa iko kwa yule wa matoke. Anaisoma polepole na kamusi. Amesema asisumbuliwe mpaka afike mahali wanapoeleza baiskeli.