Mbeba Chupa na Bingwa

Katika rafu yangu vimo vitabu viwili juu ya waendesha baiskeli wa kulipwa, na kila nivisomapo pamoja huona kwamba kile cha mshindwa kinakipita kile cha mshindi. Cha kwanza ni Rough Ride, alichokiandika Paul Kimmage wa Dublin mwaka 1990. Cha pili ni The Climb cha mwaka 2014, maisha ya Chris Froome aliyezaliwa Nairobi, aliyoyasimulia kwa msaada wa mwandishi David Walsh. Huku kwetu kinachotajwa ni hicho cha Froome, na sababu inafahamika. Lakini mpwa wangu, ambaye ana baiskeli nzuri kuliko uwezo wa baba yake, na ambaye ndoto yake ni kwenda Ulaya kutafuta riziki kwa miguu yake, aliponiomba kitabu juu ya kazi hiyo nilimpa cha Kimmage kwanza.

Kimmage hakuwa bingwa. Alianza kulipwa mwaka 1986 katika timu ya RMO ya Ufaransa, akamaliza Tour de France ya mwaka huo akiwa wa 131, mkiani kabisa. Kazi yake ilikuwa ya mtu ambaye Wafaransa humwita kwa neno lile lile la mtumishi wa nyumbani. Unarudi nyuma ya kundi mpaka kwenye gari la timu, unajaza chupa za maji mifukoni na ndani ya fulana, kisha unazipandisha mbele kwa wenye kiu. Unamkinga kiongozi na upepo, maana anayeendesha nyuma ya mgongo wa mwenzake huokoa nguvu nyingi. Akipata pancha unampa gurudumu lako, wewe ubaki kando ya barabara ukingoja jingine. Jioni matokeo yakisomwa, jina lako halimo. Nayo RMO, nisisahau, ilikuwa kampuni ya kuwatafutia watu kazi za muda. Mtunzi wa riwaya angeona haya kumbandika kibarua jina la namna hiyo kifuani.

Nguvu ya kitabu hiki iko katika uchovu. Kimmage anajua kueleza siku ya mlima, pale wakubwa wamekwisha potea mbele, naye yu nyuma na wanyonge wenzake wakipiga hesabu ya saa, kwa kuwa atakayefika nje ya muda uliowekwa hutolewa mashindanoni. Mtu hapa anashindania kubaki kazini kesho. Na ni katika Tour hiyo ya 1986 ndipo, baada ya kukataa kwa muda mrefu, alipokubali kudungwa sindano. Ilikuwa ya vitamini tu, haikuvunja kanuni yoyote. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa kitabu, kuliko hata pale anapokiri kutumia amfetamini katika zile mbio ndogo za mijini zinazofuata Tour, ambako waendeshaji hulipwa kwa kuonekana tu, na ambako wakati ule wapimaji hawakuwa wakifika. Kosa kila mtu hulitambua. Sindano ya vitamini huja na sura ya tiba, na mkono ukishazoea kunyooshwa hauulizi tena kilichomo ndani ya bomba.

Wenzake wengi walimwona msaliti. Kisha mwaka 1998 gari la timu ya Festina likakamatwa na shehena ya dawa, na mwaka 2012 Lance Armstrong akavuliwa mataji yake 7 ya Tour, kitabu kikaonekana cha nabii. Hata hivyo nina ugomvi nacho. Kimmage anashikilia kwamba waendeshaji ni wahanga wa mfumo. Nusu ya neno hilo naikubali. Lakini yeye mwenyewe alikataa mara nyingi kuliko alivyokubali, kwa hiyo nafasi ya kukataa ilikuwapo. Ningependa akae hapo kidogo, atuambie kilichomzuia ni nini. Mahali pa jibu anatupa hasira.

The Climb kinaanza vizuri mno. Mama yake Froome anampeleka mtoto kwa David Kinjah, huko Kikuyu, naye anapokewa miongoni mwa vijana wanaojifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli kwenye nyumba ya mabati. Kurasa hizo zina vumbi na kicheko. Kisha shujaa anakwenda shule Afrika Kusini, anafika Ulaya, na Kinjah anafifia. Hata kichocho, ugonjwa tunaoujua sana sisi, ambao kwake uligunduliwa mwaka 2010, kinapita kama maelezo ya hesabu isiyolingana. Na hesabu ni nyingi: kambi za mazoezi juu ya mlima Teide, chakula cha kupimwa, kifaa kwenye baiskeli kinachosoma nguvu ya kila mkanyago. Yote ni kweli ya kazi yenyewe, sikatai, ila yanasomeka kama daftari la mhasibu.

Isipokuwa mwaka 2012. Katika Tour hiyo Froome alikuwa mtumishi wa Bradley Wiggins. Kwenye mlima wa La Toussuire alichomoka, kiongozi wake akabaki nyuma, na sauti ya redio sikioni ikamwamuru asubiri. Alisubiri. Akamaliza Tour akiwa wa pili. Hapo bingwa anaandika kama Kimmage, kwa uchungu wa mtu aliyeagizwa asitumie miguu yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata alipokuwa yeye ndiye kiongozi, na akashinda, niliwatafuta waliombebea chupa. Wamo, na anawashukuru. Lakini anawaona kwa migongo, kama walivyokuwa mbele yake wakimkinga upepo. Ni Richie Porte peke yake ambaye uso wake ulinibakia.