Nani Anafungua Mlango? Riwaya Nne Nilizozisoma



Miezi hii michache nimesoma riwaya nne. Hakuna hata moja niliyonunua mpya. Hapa Bujumbura kitabu kinatembea kama sufuria kubwa ya harusi: kinatoka Buyenzi, kinapita Bwiza, kinalala wiki mbili Kamenge, na kikirudi jalada limekwisha na kurasa zinanuka ndagala. Mimi si mwalimu wa fasihi. Ni msomaji tu, Mkongomani wa upande wa Uvira, na maoni haya ni yangu. Asiyekubali aandike toleo lijalo, tubishane vizuri.

Kwanza niseme ninapima kwa kipimo gani. Sisi wakimbizi tumezoea kusimuliwa, na tumezoea kujisimulia. Unakaa mbele ya meza, unaulizwa: ulitoka kijiji gani, tarehe ngapi, nani alikuja usiku, walikuwa wangapi. Miaka miwili baadaye unaulizwa tena, na majibu lazima yawe yale yale. Ukiongeza kitu ulichokikumbuka baadaye, wanakutazama kwa jicho lingine. Basi mtu anajifunza kubeba hadithi moja, fupi, kavu, isiyo na kicheko ndani yake. Kumbe riwaya ni mahali ambapo mtu aliyekimbia anaruhusiwa pia kuwa mvivu, mwenye wivu, mpenda ngoma, hata muongo kidogo. Kwa hiyo mimi siulizi kama kitabu kinatuonea huruma. Huruma tunayo ya kutosha. Naangalia kitu kimoja: mtu anapofika mlangoni mikono mitupu, nani anamfungulia, na anafungua kwa nini? Hapo ndipo mwandishi anajulikana.

Nianze na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Ni Zanzibar ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye miaka 15, anaozwa kwa Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Mume anamhamishia Mombasa. Msichana anatoroka, anavuka bahari kurudi kwao, na kwao wanamfukuza, eti ameleta aibu. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, mpenda taarabu na maisha. Mwajuma hamuulizi maswali mengi. Hamuombi karatasi. Chumba ni kimoja, kitanda kinagawanywa.

Mimi nasema Mwajuma ndiye mtu mkubwa wa kitabu hiki, hata kama mwandishi anadhani ni Denge. Denge ni mwanamapinduzi, amesoma Urusi, anapambana na wakoloni, polisi wanamwinda. Namheshimu. Lakini akianza kueleza siasa, nasikia karatasi ya mkutano inasomwa. Mwajuma akifungua kinywa, nasikia mtu. Na kuna jambo jingine linanisumbua: Yasmin anakimbia ndoa ya kulazimishwa, lakini bado maisha yake yanapimwa kwa mwanaume gani yuko naye, kutoka Raza mpaka Denge mpaka Bukheti. Ningependa nimuone siku moja tu akiwa peke yake, anauza kitu chake, anahesabu pesa yake. Kiswahili cha Unguja kitawatoa jasho wale waliozoea cha kwetu. Msiogope, kinaingia polepole kama chumvi.

Kitabu cha pili ni Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974. Wazee wa Buyenzi wanakijua. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzitafuta. Ni risasi, magari, hoteli na wasichana warembo. Wasomi wanavidharau vitabu vya namna hii. Mimi sividharau. Nilikimaliza kwa siku mbili, na siku hizo mbili sikuwaza foleni ya mahali popote.

Lakini tuseme ukweli. Wanawake wa kitabu hiki wako pale kwa kumpendeza Gamba au kumsaliti, basi. Na swali langu la mlango hapa halina jibu, kwa sababu Willy Gamba hahitaji mtu wa kumfungulia. Anavuka mpaka kama mtu anavuka barabara. Kuna hoteli, kuna pesa ya serikali, kuna rafiki kila mji. Kijana mmoja jirani yangu alipokisoma alicheka: «Huyu jamaa hajawahi kulala Gatumba!» Ni kweli. Ila nadhani ndiyo sababu tunakipenda. Mtu ambaye mpaka umemla miaka yake anastarehe kumuona Mwafrika mwenzake anayepita bila kuulizwa. Si kitabu cha kukufundisha kuishi. Ni cha kukupumzisha, na kupumzika nako ni haki.

Cha tatu nilikisoma kwa Kifaransa: Petit pays cha Gaël Faye, kilichotoka mwaka 2016 na kupata Goncourt ya wanafunzi wa lise mwaka huo huo. Ndugu zetu wa mashirika, karibu kila mmoja anayefika Bujumbura amekibeba kwenye begi. Ninaelewa kwa nini. Ni kitabu cha mji huu: miembe, ziwa, viboko, mtaa usio na njia ya kutokea kule Kinanira. Gabriel ni mtoto, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Uchaguzi wa Juni 1993 unakuja, rais Ndadaye anauawa Oktoba, mwaka unaofuata Rwanda inachinjwa, na utoto unakwisha.

Watu wengi wanamsoma Gabriel. Mimi nawaomba mumsome mama yake, Yvonne. Yeye ni mkimbizi. Amekulia hapa, ameolewa hapa, ana nyumba nzuri na gari, na bado hana amani. Mume anaona Burundi ni pepo, anashangaa mke anataka nini zaidi. Mke anataka usalama. Ugomvi huo wa mume na mke unaeleza ukimbizi vizuri kuliko ripoti nyingi: anayeweza kuondoka siku yoyote na asiye na pa kurudi wanakaa nyumba moja, lakini hawakai nchi moja.

Mlango wa kitabu hiki ni wa Madame Economopoulos, mama wa Kigiriki mwenye nyumba iliyojaa vitabu. Anamwazima Gabriel kimoja, kisha kingine, na huko nje vijana wanaweka vizuizi barabarani. Ni kurasa nzuri sana. Ila mlango ule unafunguka kwa mtoto wa mtaa ule. Mwandishi mwenyewe analijua hilo, na ushahidi ni baiskeli. Baiskeli ya Gabriel inaibwa, inauzwa, inaishia kwa familia maskini iliyoinunua kwa jasho ili kumfurahisha mtoto wao. Gabriel anaikuta, anaichukua. Ni haki yake, sivyo? Donatien, msimamizi wa kazi wa baba yake, anaona kwamba jambo hili ni baya na anasema. Donatien ni Mzaire. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Katika kitabu kizima cha mji wetu, aliyemtetea mtoto asiye na kitu ni mgeni kutoka ng'ambo ya Ruzizi. Ningependa Faye angekaa naye kurasa nyingi zaidi. Mama mmoja wa Fizi niliyemsimulia kitabu hiki alisema: «Inasema kweli, lakini haituseme siye.» Nakubali nusu. Kuhusu Donatien, inatusema.

Nimebakisha Peponi, kwa sababu ndicho kilichoninyima usingizi. Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza, Paradise, mwaka 1994. Alipata Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakakitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Gurnah mwenyewe alitoka Zanzibar akiwa kijana, baada ya mapinduzi ya 1964, akakimbilia Uingereza. Lakini hapa hasimulii safari yake. Anamsimulia Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayekabidhiwa kwa tajiri Aziz kulipa deni la baba. Yusuf anadhani Aziz ni mjomba wake. Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani dukani, ndiye anamwambia ukweli: huyo si mjomba. Huo nao ni mlango. Khalil hana nyumba ya kumpa, anampa ukweli.

Halafu msafara unaondoka pwani kuja bara. Sisi watu wa ziwa tusome hapo kwa makini, maana Kiswahili tunachoongea Uvira, Rumonge na Buyenzi kilifika kwa njia zile zile za pembe na watumwa. Wanavuka Tanganyika, wanafika Marungu, kwa chifu Chatu. Wasafiri wanawaona watu wa bara kama washenzi. Chatu anawanyang'anya mali, na ana sababu zake: walikuja wengine kabla yao, wakadanganya, wakaiba. Babu zetu wako upande ule wa hadithi, upande wa Chatu. Gurnah hamfanyi malaika, anaweza kuua. Lakini anampa hoja, na hoja ile inasimama. Ni nadra mwandishi wa pwani kutupa nafasi hiyo.

Mwisho wa kitabu ndio tunaobishana. Askari wa Mjerumani wanapita kukusanya watu. Yusuf anajificha, wanaondoka, anasikia kama milango ya bustani inafungwa kwa komeo nyuma yake. Anakimbia. Anawafuata askari! Wengine wanasema mwandishi ameharibu. Mimi nasema amesema jambo tunalolijua na hatulipendi. Tumewaona vijana waliofuata bunduki, na tukasema wamerogwa, wamedanganywa. Gurnah anasema tuangalie milango kwanza: dukani ni mtumwa, nyumbani ameuzwa, mapenzi amekatazwa. Hasemi Yusuf amefanya vyema. Anauliza tu nani alikuwa amebaki wa kumfungulia. Ukiishi mahali penye vijana wengi, shule chache na kazi hakuna, swali hilo si la vitabuni.

Kwa ndugu zetu wa misaada nina neno moja. Mkileta vitabu Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu au Nyankanda, leteni vya kunawa mikono, ndiyo, kipindupindu kipo. Lakini leteni na riwaya, tena msichague zile za wakimbizi peke yake. Msichana wa Musenyi anaweza kumpenda Mwajuma bila kuambiwa ni somo.

Kama una muda wa kitabu kimoja tu, soma Peponi. Kama umechoka, anza na Willy Gamba. Nakala yangu ya Peponi ina foleni ya watu watatu tayari. Anayetaka kuwa wa nne aache jina kwa wahariri, na aahidi kukirudisha na kurasa zote.