Mgeni Njoo, Mtoto Asome

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeutumia msemo huu mara nyingi bila kuupima, mpaka siku nilipokwenda kutazama kituo kimoja cha kusomea watoto wa kijijini mkoani Morogoro. Tangu siku hiyo najiuliza: katika ziara zetu hizi, ni nani hasa anayepona?

Vituo vya namna hii huitwa vituo shikizi. Kijiji kikiwa mbali na shule, au mto ukikata njia wakati wa masika, wazazi hufyatua matofali, huezeka banda, na humtafuta kijana aliyemaliza sekondari awafundishe watoto wa awali na madarasa ya mwanzo. Kituo hubaki chini ya shule mama mpaka kikue na kusajiliwa kuwa shule kamili. Si jambo dogo. Serikali ilipotangaza mwaka 2021 kwamba itajenga madarasa 15,000, madarasa 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi.

Tulikuwa watu sita, tumechanga fedha za vitabu. Tulitarajiwa saa tatu asubuhi, tukafika saa tano na nusu. Watoto walikuwa wamejipanga juani muda wote huo. Waliimba, wakacheza, wakaghani ngonjera. Mwenyekiti wa kijiji akasoma risala: madawati, vyoo, nyumba ya mwalimu. Tukapiga makofi, tukala wali kwa kuku, tukatia saini daftari la wageni. Mimi niliandika kwamba nimefurahishwa sana na maendeleo niliyoyaona.

Kabla ya kuondoka nilimwita binti mmoja wa darasa la pili, ambaye alikuwa ameghani ngonjera ndefu bila kukwama hata mara moja. Nikamfungulia kimojawapo cha vitabu tulivyoleta, nikamwomba anisomee. Akakishika, akayakazia macho maandishi, kisha akaanza, kwa sauti ileile nzuri, kughani ngonjera yake. Kidole chake kilikuwa kikipita juu ya hadithi ya sungura.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Wiki mbili hizi, mzee wangu," akaniambia polepole, "tulikuwa tunajiandaa kuwapokea."

Simlaumu kijana yule. Analipwa kwa michango ya wazazi, na anafundisha madarasa matatu ndani ya chumba kimoja chenye ubao mmoja. Wala siwalaumu wazazi. Wanajua kwamba mgeni aliyefurahishwa ndiye anayerudi na mabati. Wala sisemi kuwa ngonjera si elimu. Kumbukumbu ya binti yule ni kipaji ambacho mimi sina. Lawama ni yetu sisi wageni. Tumewazoesha wenyeji kwamba tunachokuja kutafuta ni furaha yetu. Tunahesabu kuta na madawati, kwa sababu hivyo huonekana kwa saa mbili na hupigika picha. Kusoma hakuonekani hivyo. Kunamtaka mtu aketi na mtoto mmoja, halafu mwingine.

Kosa hili la kuhesabu kinachohesabika kwa urahisi lina umri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977, na lilikuwa azimio jema. Lakini mtoto kuingia darasani ni jambo moja, na kutoka akiwa anajua kusoma ni jambo jingine. Ndiyo maana mtaala wa mwaka 2015 uliyarudisha madarasa mawili ya mwanzo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Na ndiyo maana napenda utaratibu wa watafiti wa Uwezo: humfuata mtoto nyumbani kwao, humpa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, humsikiliza. Hawapokewi kwa ngoma, na hawaondoki na sifa. Huondoka na ukweli.

Wahenga hawakuishia kwenye kumpikia mgeni. Walisema pia kwamba siku ya tatu mpe jembe. Kwa vituo vyetu naona jembe litolewe siku ya kwanza. Mgeni akifika, watoto wasitolewe darasani. Yeye ndiye aingie, aketi kwenye gogo walilokalia wao, apewe mtoto na kitabu, asikilize. Akimaliza, risala isomwe. Atailewa vizuri zaidi.

Sentensi yangu bado imo katika daftari lile. Nikijaliwa kurudi sitaifuta, maana ni ushahidi dhidi yangu. Chini yake nitaandika nyingine: nimesomewa na watoto wangapi, na ni wangapi waliokwama, na wapi.