Ua la Udongo

Msomaji, sifa isemwayo upesi kuliko zote mbele ya ua lililofinyangwa ni hii: "Kama la kweli!" Mtu hulisogelea, huliinamia, na pengine hutaka kulinusa kabla ya kutambua kuwa ni udongo mtupu. Mfinyanzi hufurahi, mnunuzi hutoa fedha yake, na shauri huonekana limekwisha. Walakini kazi ya mhakiki huanza pale sifa za haraka zinapokoma. Hatuna budi kuuliza: je, kufanana na kitu cha kweli kwatosha kuifanya kazi ya mkono iwe sanaa? Na ikiwa mfano wenyewe umetolewa na kalibu, sifa ni ya nani, ya mfinyanzi au ya kalibu? Swali hili lina uzito kwa kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayefikiri kujipatia riziki kwa vidole vyake, kwa sababu ajuaye ni sehemu gani ya kazi yake iliyo yake hasa, hujua pia ajifunze nini na auze nini.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Udongo utumiwao hapa si ule wa vyungu. Mfinyanzi wa vyungu huchimba udongo wake, huufinyanga, kisha huuchoma, na moto huugeuza usiweze tena kurudi kuwa tope. Udongo wa maua hauonji moto. Hukauka kwa hewa tu. Aina moja inayojulikana sana hupikwa nyumbani kwa wanga wa mahindi na gundi nyeupe ya maseremala, ikatiwa mafuta kidogo na siki au maji ya ndimu, kisha ikakandwa mpaka ikawa laini kama donge la unga wa ngano. Kipande kidogo hutiwa rangi, hubanwa katika kalibu ya mpira iliyochorwa mishipa ya petali, kisha hubanduliwa. Petali moja baada ya nyingine hupangwa kuzunguka waya, na ua likatokea.

Kalibu ina manufaa makubwa, wala si haki kuidharau. Kwa kitambo kidogo humpa mwanafunzi wa siku ya kwanza mishipa ambayo mkono wa fundi ungeichora kwa sindano na subira nyingi. Lakini itazame petali itokapo ndani yake: imelala bapa, ukingo wake ni mnene, na wenzake wote wamefanana nayo kama sarafu za thamani moja. Hakuna ua bustanini lenye petali za namna hiyo. Katika ua la kweli, petali moja imejikunja kwa jua, nyingine imetobolewa na mdudu, na ya tatu haijafunguka bado. Kalibu haiyajui hayo. Sharti kidole kiupapase ukingo mpaka uwe mwembamba, na kiganja kiipe petali mviringo wake, na jambo hilo lifanywe mapema. Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Msemo huo tumezoea kuutumia kwa malezi ya watoto, hapa waweza kuuchukua kwa maana yake ya asili. Maji yakiisha kutoka, udongo husinyaa na kukaza, na petali iliyolala bapa hukauka bapa. Kadhalika mahali palipoachwa panene huchelewa kukauka kuliko palipo pembamba. Sehemu mbili hizo huvutana, na petali ikapasuka. Kwa hiyo unene hauna budi kupungua polepole kutoka shinani hadi ukingoni. Mkaaji wa Mombasa ana jambo moja zaidi la kukumbuka: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hasa mvua za masika zinapozidi mwezi wa Mei, na udongo ukaukao upesi wakati wa kaskazi hukawia sana wakati huo.

Sasa na tuyatazame maua matatu yaonekanayo upande wa bara wa Mombasa, tuone kalibu inaweza kutusaidia hadi wapi.

La kwanza ni ua la mkrismasi, mti uwakao kwa wekundu mwisho wa mwaka. Ua lake lina petali tano. Nne ni nyekundu, nazo zimetanda. Ya tano imesimama, ina weupe na madoadoa, wala haifanani na nyingine. Mtu akiitumia kalibu moja mara tano, atapata ua zuri, lakini halitakuwa ua la mkrismasi. La pili ni boganvilia, mmea utambaao juu ya nyua za nyumba nyingi. Zile tunazoziita petali zake, za zambarau au za waridi, ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni yale madogo membamba, meupe, matatu kwa matatu, yaliyojificha katikati. Asiyetazama sana hufinyanga majani na kuyasahau maua. La tatu ni ua la mbuyu. Hilo huning'inia likitazama chini, hufunguka jioni, popo hulizuru usiku, na kesho yake weupe wake umekwisha kugeuka kahawia. Mfinyanzi anayelisimamisha juu ya kikonyo kama waridi amekosea, hata kama kila mshipa wake umechorwa sawasawa.

Ona basi, msomaji, kwamba katika mifano hii yote kalibu yaweza kuwa bora na kazi ikawa ya uongo. Kosa halikutoka katika chombo, bali katika jicho ambalo halikwenda mtini kabla ya mkono kugusa udongo.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba kalibu ni wizi wa ufundi, na kwamba sanaa ya haki ni ya mkono mtupu, kama uchongaji. Pingamizi hili halifai kupuuzwa, na jibu lake si la kutafutwa mbali. Huko Changamwe kilianzishwa mwaka 1963 chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba. Asili ya biashara yao hutajwa kuwa ni Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kisha akaurudisha kwao Ukambani. Mchongaji hana kalibu. Ana tezo, kisu na msasa. Lakini mtu akichonga swala yule yule mwaka baada ya mwaka, mkono wake huijua njia hata usihitaji kuliuliza jicho, na swala wa leo akawa pacha wa swala wa jana. Sisemi hivi kuwatweza wachongaji. Soko hutaka wepesi, na mnunuzi aagizaye swala mia moja wa sura moja hawezi kumlaumu fundi kwa kumpa alichotaka. Nasema tu kwamba mazoea nayo ni kalibu. Ile ya mpira yaweza kuwekwa kando mtu apendapo. Hii nyingine imo ndani ya kidole, na kuitoa ni kazi ngumu zaidi.

Kwa upande wa pili, tumtazame fundi ambaye jicho lake halikulala. Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, wakaao karibu na Dresden katika Ujerumani, walianza mwaka 1887 kukitengenezea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mimea ya kioo ya kufundishia wanafunzi. Leopold alifariki mwaka 1895. Mwanawe aliendelea peke yake hadi mwaka 1936. Kazi yao ilizidi mifano 4,000. Mwaka 1892 Rudolf alisafiri mpaka visiwa vya Karibi na Marekani ili aione mimea ikiwa hai katika ardhi yake. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba baadaye alitengeneza hata matunda yaliyoingia ugonjwa na kuoza. Fundi anayetaka sifa ya uzuri peke yake hawezi kufanya hivyo. Afanyaye hivyo amekusudia kusema kweli, na uzuri hufuata nyuma ya kweli hiyo.

Hapa pana neno jingine lituhusulo sisi watu wa pwani. Kwetu ua halisifiwi kwa sura tu. Asumini ni kiua kidogo cheupe. Kama tungelipima kwa umbo, lingeshindwa na maua mengi. Lakini ndilo litungwalo makoja, ndilo litiwalo katika vikuba pamoja na mrihani, kwa sababu ya harufu yake. Kilua na mkadi hupendwa kwa sababu hiyo hiyo. Basi ua la udongo, hata likifikia ukamilifu wa sura, limechukua nusu tu ya kile tukiitacho ua. Wengine hulipaka manukato ili kuifidia nusu iliyopungua. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa maana huugeuza mfano kuwa hila. Mfano mwema haujifichi kuwa ni mfano.

Ukweli huo wampasa muuzaji pia. "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Ua la udongo usiochomwa ni la jamii ya mkakasi: maji hulilainisha na kuliharibu. Muuzaji anayesema wazi, "Liweke mbali na maji na unyevu," amempa mnunuzi bidhaa pamoja na heshima. Anyamazaye hupata fedha mara moja, kisha hupoteza mnunuzi na jina.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kalibu si adui wa sanaa, wala si sanaa. Ni mwanzo wa kazi, na mwenye kuishia hapo amefanya kazi ya kiwanda bila mashine za kiwanda. Atashindwa kwa bei na watu wenye mashine hizo. Mwenye kuendelea kutoka hapo, akaifungua petali moja zaidi ya nyingine, akakumbuka kwamba ile ya tano ina madoa, ameweka ndani ya udongo kitu ambacho kalibu haikumpa.

Nawe, msomaji kijana, utakapoonyeshwa ua la udongo, usiulize kama limefanana na ua. Uliza limefanana na ua gani, la mti upi, katika saa ipi ya siku. Mfinyanzi akiweza kukujibu, mnunue kwa bei yake. Akishindwa, mwelekeze kwenye mkrismasi ulio karibu.