Matone kwa Jicho Linalovuma

Kuzuia damu, kushona jeraha, kukesha na majeruhi: hayo vituo vya Ufipa huyamudu, sina neno. Neno langu ni juu ya uamuzi wa wiki ya tatu, pale majeruhi wa bodaboda anaporudi na jicho moja jekundu akaandikiwa matone ya kloramfenikoli. Ni uamuzi mbovu. Tangu mlipuko wa macho mekundu wa Januari 2024, kila wekundu umekuwa virusi. Lakini mtazame huyu: tongotongo hana. Mishipa ya weupe wa jicho imevimba na kujisokotasokota hadi ukingoni mwa konea. Jicho limetokeza, haligeuki kuelekea sikioni kwa kuwa neva ya sita imeguswa, na kichwa kinamvuma kwa mpigo wa moyo. Hiyo ni fistula ya karotidi na sainasi kavenosi, aina A ya Barrow: karotidi ya ndani imechanika katika sainasi kavenosi, na damu yenye presha ya ateri inarudi kinyume kwenye vena za jicho. Stetoskopu juu ya kope lililofumbwa mara nyingi ingeunasa mvumo huo. Benjamin Travers wa London, mwaka 1809, hakuwa nayo, maana ilikuwa haijabuniwa; aliibana karotidi, mtutumo ukakoma, akajua damu inakotoka. Sisi stetoskopu tunaivaa shingoni kama pambo.

Nitaambiwa CT-Scan ya siku ya ajali ilikuwa safi. Lakini picha isiyo na dawa ya mishipa husaka damu na nyufa, na fistula huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Hoja nzito zaidi ni kwamba kateta za kuziba tundu hilo haziko Sumbawanga, sasa kuigundua kuna faida gani? Faida ni muda, maana presha ya jicho ikipanda uoni hupotea, na damu ikielekea vena za ubongo zinaweza kupasuka. Wala kufunga karotidi shingoni, alivyofanya Travers, si njia ya mkato: mishipa ya upande wa pili huendelea kulilisha tundu, na njia ya kateta inakuwa imezibwa. Serbinenko wa Moscow, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1974, aliziba matundu ya namna hii kwa vipira vinavyoachwa ndani, karotidi ikibaki wazi inapowezekana. Leo koili hufanya kazi hiyo. Kwa hiyo barua ya rufaa iseme “jicho linavuma baada ya ajali”, imfikishe Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Ikisema “macho mekundu”, atapangiwa kliniki ya macho, foleni ya miwani.