Fumbo la Kadi Nne na Maana Mbili za Sharti

Katika mwaka 1966 Peter Wason, mwanachuoni wa elimu ya nafsi aliyefanya kazi London, alitangaza fumbo dogo ambalo tangu siku hizo halijaacha kuwasumbua mabingwa. Mtu huwekewa mezani kadi nne, akaambiwa kwamba kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Pande zinazoonekana ni E, K, 4 na 7. Kisha hupewa kauli hii: ikiwa kadi ina irabu upande mmoja, ina namba shufwa upande wa pili. Swali ni moja tu: ni kadi zipi zipasazo kugeuzwa, bila ya kuzidisha hata moja, ili ijulikane kuwa kauli hiyo ni ya kweli au ya uongo?

Jawabu ni E na 7. E yapasa kugeuzwa kwa kuwa yamkini nyuma yake pana namba witiri. 7 kwa kuwa yamkini nyuma yake pana irabu. Na lolote katika hayo mawili likitokea kauli imebatilika. K haihusiki, kwa sababu kauli haikusema neno juu ya konsonanti. Wala 4 haihusiki, kwa sababu haikusemwa kwamba kila shufwa huandamana na irabu. Jawabu likishaelezwa huonekana jepesi, lakini kabla ya kuelezwa walio wengi hulikosa. Katika hesabu iliyotolewa mwaka 1970 na Johnson-Laird na Wason, kati ya watu 128 waliojaribiwa kwa mafumbo ya namna hii, 59 walichagua kadi zilizo mfano wa E na 4, 42 walichagua iliyo mfano wa E peke yake, na 5 tu ndio waliopata jawabu kamili.

Juu ya hesabu hizo yamejengwa majumba makubwa. Wako waliosema kwamba akili ya binadamu haikuumbwa kwa mantiki. Wako waliosema kwamba ina chombo maalumu cha kuwatambua wadanganyifu, na nje ya kazi hiyo ni dhaifu. Lakini kabla ya kuihukumu akili, haki yataka kuihukumu kwanza lugha ya swali. Jambo hili si la mbali kwa wenye kushughulika na Kiswahili. Maswali ya jamii hii hutumika kupima akili za watu, na yakifasiriwa, alama za mtahiniwa huwa zimo mkononi mwa mfasiri kabla hazijawa mkononi mwa mtahiniwa mwenyewe.

Yatazamwe basi maneno ambayo mfasiri anayo. La kwanza ni *kama*. Neno hili lina kazi ya kuweka sharti, lakini pia lina kazi ya kuuliza, kwa mfano katika "tazama kama mlango umefungwa", na ya tatu ya kufananisha. Mfasiri akiandika "geuza kadi ili ujue kama ni kweli kwamba kama kadi ina irabu...", amemtwika msomaji kazi mbili za neno moja katika pumzi moja. La pili ni kiambishi *-ki-*. Hiki huchukua sharti na wakati pamoja: "mgeni akija, mpe kiti" yaweza kusemwa na mtu asiyejua kuwa mgeni atakuja, na yaweza kusemwa na mtu anayemngojea mlangoni. Kwa matendo kiambishi hiki chatosha sana, lakini kadi iliyolala mezani haitendi wala haijiwi na jambo. Njia ya tatu ni ya kirejeshi, "kila kadi yenye irabu ina namba shufwa", ambayo yaacha sharti kabisa na kuwa kauli ya jumla. Njia ya nne ni ya kukanusha mara mbili: "hakuna kadi yenye irabu isiyokuwa na namba shufwa". Kwa mantiki kauli hizi zote ni sawa. Kwa msikilizaji si sawa, kwa maana ya nne peke yake ndiyo itajayo kwa maneno kile kitu kinachopasa kutafutwa, yaani irabu iliyokosa shufwa.

Tofauti hii si ya mapambo. Jonathan Evans alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watu wengi huchagua kadi zilizotajwa katika kauli, kwa kuwa zimetajwa. Kauli ikisema kwamba pakiwa na A upande mmoja, hapana 3 upande wa pili, watu huchagua A na 3 vile vile, na safari hii wamepata, kwani kadi ya 3 ndiyo iwezayo kuivunja kauli. Akili ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali pa neno la kukanusha. Mtu anayesifiwa katika fumbo la pili na kulaumiwa katika la kwanza huenda hakutenda ila jambo moja.

Wengine wamewatetea waliokosa kwa hoja ya mazungumzo. Michael Geis na Arnold Zwicky waliandika mwaka 1971 kwamba kauli ya sharti humwalika msikilizaji aongeze upande wake wa kinyume. Methali zatoa ushahidi mwema wa jambo hilo. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta" haina maana kwa mtu asiyeelewa pia kwamba akiziba, ukuta utasalimika. Mantiki haikusema hivyo, lakini methali imesema. Hata hivyo udhuru huu hautoshi kwa fumbo la Wason. Mwenye kuielewa kauli kwa pande zote mbili, yaani irabu na shufwa huandamana daima, angepaswa kugeuza kadi zote nne, wala si E na 4 tu. Utetezi usiotimiza hesabu yake mwenyewe hauwezi kupokewa.

Ufunguo ulio bora zaidi umo katika neno *sharti* lenyewe. Neno hili lilikuja Kiswahili kutoka Kiarabu, na lina maana mbili ambazo aghalabu hazitenganishwi. Katika sarufi, kishazi cha sharti ni kile kitanguliacho: katika "akija, nitampa", sharti ni "akija". Katika fikihi, sharti ni kile ambacho jambo halisihi bila ya hicho: udhu ni sharti la sala. Sasa itwaliwe kauli moja, "mtu akisali, sharti awe na udhu". Mwanasarufi atanyosha kidole kwenye nusu ya kwanza, na faqihi kwenye nusu ya pili, na wote wawili watasema, "Hili ndilo sharti." La kwanza ni sharti lenye kutosha, la pili ni sharti la lazima. Kosa la wale 59 waliochagua mfano wa E na 4 lafanana mno na kosa la mtu aliyelichukua la lazima akalifanya lenye kutosha.

Lakini mtoto wa chuoni hakosi. Akiulizwa ni nani wa kuangaliwa kati ya mtu anayesali, mtu asiyesali, mtu mwenye udhu na mtu asiye na udhu, atamwangalia anayesali kama ana udhu, na asiye na udhu kama anasali. Mwenye udhu aliyekaa barazani hamshughulishi. Hilo ndilo jawabu la E na 7, nalo limetolewa bila ya jasho.

Kwamba sharti la aina hii ni jepesi lilionekana pia katika majaribio. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa Florida amri isemayo kwamba mtu akinywa bia, sharti awe amepita umri wa miaka 19. Kadi zilionyesha bia, soda, miaka 22 na miaka 16. Karibu robo tatu yao walichagua bia na miaka 16, ilivyo sawa. Mwaka 1985 Patricia Cheng na Keith Holyoak walitumia kanuni ya barua na stempu kwa watu wa Hong Kong, walioizoea, na kwa watu wa Michigan, wasioizoea. Wa Hong Kong walifanya vizuri zaidi. Lakini wa Michigan walipoelezwa sababu ya kanuni hiyo, nao walifanya vizuri. Kwa hiyo mazoea peke yake siyo yanayofungua fumbo. Baadaye, mwaka 1989, Leda Cosmides alidai kwamba siri imo katika mapatano ya watu na hofu ya kudanganywa.

Madai haya yote yana upungufu mmoja: yalinganisha kazi mbili kana kwamba ni moja. Katika fumbo la irabu, kauli yenyewe ndiyo iliyoshtakiwa. Kadi ni mashahidi. Katika fumbo la bia, sheria haikushtakiwa. Wanywaji ndio walioshtakiwa. Kiswahili chazitenga kazi hizi kwa vitenzi vyake. Kauli ya habari hukanushwa au hubatilika, na ikikanushwa imekwisha. Amri huvunjwa, na ikivunjwa yabaki pale pale, naye mvunjaji hutafutwa. Keith Stenning na Michiel van Lambalgen waliieleza tofauti hii kwa urefu katika kitabu chao cha mwaka 2008. Dan Sperber, Francesco Cara na Vittorio Girotto walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1995 kwamba hata kauli ya habari, isiyo na mapatano wala mdanganyifu, yaweza kujibiwa vyema iwapo maelezo yake yamemfanya msikilizaji aone faida ya kukitafuta kile kinachoikanusha.

Mahali pa msikilizaji napo pana uzito wake. Gerd Gigerenzer na Klaus Hug mwaka 1992 walitumia kauli ya namna hii: mfanyakazi akifanya kazi mwisho wa juma, hupata siku moja ya mapumziko katikati ya juma. Waliowekwa mahali pa mfanyakazi walimtafuta aliyefanya kazi akanyimwa siku yake. Waliowekwa mahali pa tajiri walimtafuta aliyepumzika bila ya kufanya kazi. Sentensi ni moja, haki zilizolindwa ni mbili. Kwa kipimo cha Wason, wa pili wamekosa. Kwa kipimo cha mkataba, hawakukosa.

Hatari ya kusahau mambo haya ilionekana zamani. Katika miaka ya 1931 na 1932 Alexander Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan maswali ya mantiki, mojawapo likiwa juu ya rangi ya dubu katika nchi ya theluji, baada ya kuwaambia kwamba huko dubu wote ni weupe. Baadhi yao walikataa kujibu, wakasema kwamba hawakufika huko, na kwamba angefika mtu mzima akaona, huyo angesadikiwa. Jibu hili lilihesabiwa kuwa ni kushindwa kufikiri. Lakini lenyewe ni hoja ya sharti iliyo timamu: asiyeona hashuhudii, sisi hatukuona, basi hatushuhudii. Waliulizwa swali la mantiki, wakajibu swali la ushahidi.

Kwa hiyo anayetaka kulileta fumbo hili katika Kiswahili ana wajibu tatu. Achague kwanza kati ya kauli ya habari na amri, wala asitumie neno *sharti* kwa zote mbili katika karatasi moja. Aseme wazi ni kauli au ni mtu anayechunguzwa. Na ajaribu umbo zaidi ya moja la sentensi kwa watu mbalimbali kabla ya kutoa alama, kwa maana tofauti ya alama baina ya "kama" na "hakuna... isiyokuwa na" haitakuwa tofauti ya akili. Fumbo la Wason lina thamani kubwa, nayo haitapungua likipewa kazi iliyo ndogo kuliko ile liliyobebeshwa: kupima jinsi sentensi moja ilivyoeleweka, wala si kupima kama binadamu ana mantiki.