Baga ya Moshi na Fungu la Mlimani

Katika maandishi ya wasafiri wa zama zetu umezuka utanzu mdogo wenye kanuni zake. Msafiri huingia katika mji asioujua, akaizunguka migahawa yake mmoja baada ya mwingine, kisha akatoa hukumu kwamba baga bora kuliko zote hupatikana mahali fulani. Mji wa Moshi, uliolala chini ya Mlima Kilimanjaro, haukusalimika na utanzu huo. Wala si ajabu: mtu aliyeshuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, baada ya siku tano au saba za baridi na kulala hemani, ana haki ya kutamani nyama na mkate. Utanzu huu haustahili kudharauliwa, unastahili kuhakikiwa. Neno "bora" ni neno la mhakiki, na kila alitumiaye hana budi aeleze amepima kwa pishi ya nani.

Pishi inayotumika hapa ni kumbukumbu. Baga ya Moshi hupimwa kwa baga ya kwao mlaji: mkate laini, nyama inayochuruzika mafuta, jibini iliyoyeyuka. Ikikaribia hapo husifiwa. Ikiwa mbali huambiwa ni kavu. Lakini ukavu huo una sababu yake. Ng'ombe wanaochinjwa kwa ajili ya bucha za mji aghalabu ni zebu wa nyanda kavu, waliokwenda masafa marefu kutafuta majani na maji, na nyama yao ina mafuta haba. Baga hutaka kinyume cha hayo, maana mafuta ndiyo yanayoilainisha nyama iliyosagwa juu ya moto mkali. Mpishi basi hulaumiwa kwa kosa la ardhi na mvua, mfano wa mfasiri anayeshutumiwa kwa kuwa shairi la Kiingereza, likisha kuingia katika Kiswahili, halina tena mlio wa Kiingereza.

Mlima wenyewe ulikwisha kulijibu suala la nyama ngumu kabla baga haijafika. Katika mtori, nyama yenye mifupa huchemshwa kwa muda mrefu mpaka ilainike. Ndizi mbichi zilizomenywa hupikwa katika supu yake, kisha hupondwa mpaka chungu kizima kiwe kitu kimoja. Hicho ni chakula cha mzazi aliyejifungua, na ni chakula cha asubuhi cha mtu yeyote mjini. Anayesaka ladha ya Moshi kwa dhati angeanzia hapo, akajua kwanza ni tatizo gani wapishi wa mahali wamelitatua, na kwa ustadi gani.

Jina la baga nalo lina safari yake, na wasomaji wa visiwani wana sehemu katika safari hiyo. Hamburg haikuwa mji mgeni Unguja. Kampuni ya O'Swald ya mji huo ilifungua duka la biashara Zanzibar mwaka 1849, na mwaka 1859 miji ya Hansa, Hamburg ikiwamo, ilitiliana mkataba na Sultani. Kauri zilizookotwa katika fukwe za Afrika Mashariki zilipakiwa katika majahazi ya Hamburg zikapelekwa Afrika Magharibi kuwa fedha. Bandari hiyo hiyo ndiyo iliyowasafirisha wahamiaji kwenda Marekani, na huko nyama ya kusaga iliyoitwa kwa jina la Hamburg ikatiwa ndani ya mkate. Kisha Kiingereza kikalikata neno mahali pasipo na kiungo, kana kwamba "ham" ni kitu kimoja na "burger" ni kingine, na kipande hicho cha pili ndicho kilichofika kwetu kikawa "baga". Katika miaka ya 2000 vitabu vya kuwaongoza wasafiri viliutaja mkahawa mdogo wa Barabara ya Kibo, mjini Moshi, ulioitwa Chrisburger: jina la mtu limeungwa na kipande cha neno, na hapana aliyeona ajabu.

Kukata mahali pasipo na kiungo ndiko hasa kunakoitenga baga na desturi ya mlima. Watu wa pwani wamezoea nyama ya kusaga. Kababu, katlesi na sambusa ni ushahidi tosha. Kwa Wachaga mambo yalikuwa mengine. Mnyama wa ukoo alikatwa kwenye viungo, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeandika juu ya sheria za Wachaga katika kitabu kilichotoka mwaka 1926, na Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1986, wote wawili waliona kwamba ugawaji wa nyama haukuwa jambo la tumbo peke yake. Ulikuwa njia ya kutangaza nani mkubwa, nani mdogo, nani ana haki na nani amekosana na wenzake. Kunyimwa fungu kulikuwa hukumu. Mpaka leo, kila Desemba, watoto wa mlima wanaofanya kazi Dar es Salaam na kwingineko hurejea kwenye vihamba vya wazee wao, mbuzi wakachinjwa. Na ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, ameshuka kutoka mlimani akaingia katika harusi za nchi nzima, akawekwa mahali pa keki.

Nyama ya kusaga haina ukoo. Huwezi kujua kama ni ya bega au ya paja, wala kama aliyeketi mbele yako amepewa zaidi au pungufu. Kwa mwenye kupenda ya kale, hiyo ni hasara tupu. Lakini mhakiki mwadilifu hawezi kuishia hapo. Mgawo wa ukoo ulikuwa na utaratibu, haukuwa na usawa. Wanawake walipokea fungu lao, ila hawakuwa wagawaji. Kijana alingoja ukubwa ndipo apate kipande cha heshima. Msichana wa Moshi anayeagiza baga kwa fedha ya kazi yake, akaila mbele ya kaka yake mkubwa, kila mmoja na duara lake sawa na la mwenzake, ameonja kitu ambacho kisu cha wazee hakikumpa. Wanaoisifu desturi hawana budi kulijibu hilo kabla ya kuicheka baga.

Kwa upande mwingine, wanaoisifu baga nao wana la kujibu. Usawa wa meza ya mkahawa ni wa wale walioweza kuketi. Mlimani, mgeni hupikiwa vyakula vya aina aina, na mpagazi aliyebeba mzigo wake hula ugali katika hema jingine. Wakishuka, mmoja huanza kusaka baga bora ya mji; mwingine huhesabu malipo na bakshishi, akapanda daladala kwenda kwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Desturi ya mlima, pamoja na kasoro zake zote, ilianza kwa kuwatazama waliohudhuria kabla ya kukata nyama.

Basi baga bora ya Moshi itakuwa ipi? Jibu limo Forodhani. Kile kiitwacho piza ya Zanzibar kilichukua jina la Kiitaliano, lakini hapana mtu wa Unguja anayekipima kwa piza ya Napoli. Kina unga wake, yai lake, kaango lake, na wenyeji ndio majaji wake. Baga ya Moshi itakuwa bora siku itakapoacha kuomba radhi kwa kutokuwa ya kwingine: nyama ya zebu ikikubaliwa kuwa ngumu na ikatafutiwa mbinu, ndizi ikikaa mahali pa chipsi, na anayetoa hukumu akiwa mtu atakayeila tena kesho.